Mwenzake Hatakuja

3 Machi

Mdogo wangu,

Basi nilikuwa nimefika pale mpakizi wetu Tembo anapanda juu ya rundo la magunia na sepetu mkononi, siyo? Barua ile niliifunga mbio mbio kwa sababu msimamizi wa ghala alitokea mlangoni, na yule akikukuta na kalamu badala ya sindano, uso unamkunjamana kama amemeza ndimu. Leo hayupo, ana jino. Kaa vizuri nikumalizie.

Lakini kwanza u mzima? Kifua kimeacha? Huku sisi wa mwili wazima. Magoti yangu yanalia nikiinuka, ila hayo umeyazoea. Msusi wa mlango wa pili anakusalimu, anauliza nywele zako siku hizi anazishika nani.

Haya. Yule nyoka alitoka kwenye magunia mabovu, yale tunayorundika ukutani yakisubiri kushonwa. Mwembamba, rangi ya kahawia, urefu kama mikono yangu miwili nikiinyoosha. Tembo, yule mpakizi mwenye mabega, anasema mikono mitatu, lakini wanaume na vipimo unawajua. Akampiga sepetu moja, ya pili, kwisha. Sasa geuka uangalie nani amesimama mlangoni na begi la shule mgongoni. Chiriku wako. Ameona kila kitu.

Na mimi na mdomo huu, badala ya kumchukua mtoto nikampa maji anywe, nikasema mbele yake, "Basi mjiandae, mwenzake atakuja kumtafuta. Hawa huishi wawili wawili, na aliyebaki anamkumbuka kila mtu aliyekuwepo." Nimesema tu, kama unavyosema mvua itanyesha. Wapakizi wakacheka, nikarudi kwenye sindano yangu.

Leo ni siku ya sita mtoto hajagusa ardhi. Sikutanii. Anatoka kitandani anakanyaga kiti, kwenye kiti anavuka sanduku la nguo, kwenye sanduku yuko mezani. Anakula huko huko amejikunyata kama kuku mwenye mvua. Choo ni ndoo. Huyu ambaye tulimpa jina la Chiriku kwa sababu anaongea mpaka usingizini, sasa nikimsemesha anaweka kidole mdomoni. "Mama mkubwa, polepole. Atatusikia."

Jana nikambeba mgongoni nimpeleke shule kwa nguvu. Tulipofika kizingitini alishika fremu ya mlango, nusura tuondoke nayo. Mwalimu wake amekuja, mama mpole, akasema akikosa mitihani ya mwisho wa mwezi atarudia darasa. Alisema akiwa ameinama dirishani, maana Chiriku hakuturuhusu kufungua mlango.

Sasa mwenzangu nifanyeje? Wewe ndiye mama yake. Na tafadhali usikasirike sana. Kasirika kiasi.

Dada yako

---

10 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimeacha kabisa, labda kimechoka na dawa zako za kuniandikia. Nimefurahi kusikia magoti yanalia, ina maana bado yapo.

Nimekasirika kiasi.

Unakumbuka nani mwingine uliyewahi kumwambia maneno hayo hayo? Mimi nilikuwa na miaka saba. Nililala na viatu karibu mwaka. Mama akawa ananivua nikishasinzia, nikiamka navaa tena. Mpaka nimekuwa mtu mzima, nikiona kamba njiani nazunguka mbali.

Sasa nataka nikuambie jambo, na nakuomba likufie hapo hapo kifuani. Hasa kwa msusi. Mimi hotelini sipo tangu mwezi wa saba. Walipunguza watu, nikazunguka wiki tatu, kazi niliyoipata ni ya usafi kwenye nyumba ya nyoka. Wanawafuga kwa ajili ya sumu. Mkamuaji anamshika nyoka kichwani, anamng'atisha kikombe kilichofungwa mpira, sumu inadondoka humo, njano kama mafuta ya kula. Inakwenda kutengeneza dawa ya walioumwa na nyoka. Mimi nafagia, naosha vyombo vyao vya maji, nasugua masanduku wakishatolewa. Wiki ya kwanza nilifagia mlangoni tu, mkamuaji akaniuliza kama huko ndani nasubiri pajifagie.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka Chiriku aje likizo ya Aprili akae na mimi wiki mbili. Mwaka mzima sijamshika, Dada. Nikaogopa akisikia mama yake anashinda na nyoka hatakuja. Sasa wewe umenimalizia kazi, hata mlangoni hatoki.

Ukurasa wa pili ni wake. Mpe huo peke yake, huu wa kwanza uchane.

Mdogo wako

*

Chiriku wangu,

Mama anakusalimu. Nasikia siku hizi unaishi juu ya samani. Mimi pia niliwahi, nikiwa mdogo kama wewe, kwa hiyo najua meza inavyoumiza makalio.

Nina marafiki wanaojua nyoka, nami nimewaona kwa macho yangu, tena wengi. Nikuambie wanavyoishi. Nyoka hana kope. Hafumbi macho hata akilala, kwa hiyo ukimwona amekutolea macho usidhani amekukasirikia, huenda yuko katikati ya usingizi. Masikio ya nje kama yako hana. Kitu anachokisikia kwanza ni ardhi ikitikisika. Maneno yenu ya ndani hayamhusu, ongea unavyotaka. Ule ulimi hauchomi mtu, ananusia. Meno yake hayatafuni. Anameza kizima kizima, na akishakula panya mmoja anaweza kukaa wiki nzima hataki chakula, anataka mahali penye joto tu, kwa sababu mwili wake haujipashi wenyewe kama wetu. Akikua, ngozi inambana. Macho yanaingia ukungu wa bluu, haoni vizuri, anajificha, halafu anaivua ngozi yote kuanzia mdomoni, kama wewe unavyovua soksi kwa kuigeuza ndani nje.

Hali watu. Hawezi kukumeza. Akiuma ni kwa sababu ameogopa: umemkanyaga, umemshika, au umembana kwenye kona. Yule wa ghalani, nikimsikiliza mama mkubwa anavyomweleza, nadhani alikuwa mla panya asiye na sumu ya kutudhuru. Na mwenzake hatakuja. Nyoka hawana mambo hayo.

Mama yako

---

17 Machi

Mdogo wangu,

Kwema? Huku kwema, ila nina dhambi nyingine, acha niitaje mapema nipumue.

Miwani yangu niliikalia. Siku ile ile barua inafika (hii naandika kwa miwani ya kuazima, ya leo tu). Dereva wa lori anayetubebea barua ananikabidhi, mimi niko uani msusi ananifumua nywele, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama. Naigeuza geuza, naona wadudu tu. Nikampitishia Chiriku dirishani, nikamwambia, "Hebu mwanangu nisomee, anza mwanzo." Sasa mimi ningejua wapi kwamba mwanzo una siri?

Akasoma. Unajua anavyosoma, kwa sauti ya shuleni, nukta anasimama. Akasoma "likufie hapo hapo kifuani." Nukta. "Hasa kwa msusi." Nukta. Msusi mkono umemganda kichwani mwangu na kitana ndani. Nikamwambia Chiriku inatosha, akasema, "Hapana mama mkubwa, ndiyo kwanza tunafika." Akamaliza zote mbili.

Msusi akakichomoa kitana, akakipangusa kwenye kanga. Halafu akasema, "Mimi ningemwambia nani?" Mpaka jioni mtaa mzima unajua mdogo wangu anafuga nyoka. Wengine wanasema unawakamua kwa mkono. Mwenye duka ameanza kuniamkia vizuri sana, sijui anafikiri nitakutuma.

Lakini sikia la mtoto. Hakulia. Alikaa pale dirishani akaisoma tena kimya kimya, midomo inacheza, hasa ile ya kwanza. Nikafikiri ndiyo basi, mama yake amempoteza. Akaniuliza, "Mama anawafagilia?" Nikamwambia ndiyo. "Na alikuwa anaogopa kama mimi?" Nikamwambia zaidi, wewe hujalala na viatu. Akafikiri. Halafu akaanza, mdogo wangu, akaanza kama zamani. Nyoka akipiga chafya anafunga macho na nini? Akiivua ngozi ya machoni haumii? Mama akifagia mkia wake anaomba radhi? Mimi nimeacha shule darasa la tatu, unanitakia nini. Kila swali nasema, "Muulize mama yako."

Mguu mmoja ameushusha. Niliuona kwa macho yangu, dole gumba lilifika sakafuni likarudi. Nikamwambia si umesoma, mwenzake haji. Akanijibu, "Mama amesema nyoka hawana mambo hayo. Wewe ulisema wanayo. Mmoja wenu amekosea, na wote ni wakubwa."

Anataka uthibitisho. Anasema wewe unao hapo wengi, lazima wapo waliokaa wawili. Mmoja akifa, yule mwingine anafanya nini? Umwangalie, umwandikie. Mpaka hapo hatoki. Mitihani ni tarehe ishirini na tisa. Mdogo wangu, huko kwenu nyoka hawafi hivi hivi?

Dada yako mwenye kichwa nusu

---

24 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini kichwa kimekamilika. Nilipoisoma barua yako nilicheka hadi nikakaa chini, halafu nikalia kidogo, halafu nikaenda kazini. Imekwisha kujulikana, basi. Sikujua nilikuwa nimebeba mzigo mzito hivyo mpaka ulipouangusha wewe.

Hii msomee yote, au akusomee yeye, hakuna siri.

Chiriku, nimekuulizia. Mkamuaji ametoa daftari lake, kila nyoka ana ukurasa. Tulikuwa na swila wawili, dume na jike, waliletwa pamoja kutoka shimo moja, wamekaa sanduku moja miaka miwili. Mwezi wa kumi na moja jike aliugua akafa. Mimi mwenyewe nilikuwepo, ndiye niliyemkuta. Dume alimnusa kwa ulimi, akapita juu yake, akaenda kunywa maji, akajikunja kwenye kona yenye joto. Siku ya pili daftari linasema alikula panya mkubwa. Siku ya tatu limeandika "amelala." Hakututafuta mkamuaji wala mimi, na sisi ndio tuliombeba mwenzake. Nimepita mbele yake kila siku tangu siku hiyo. Mwanangu, hanijui hata jina.

Nikamuuliza mkamuaji, miaka ishirini kazini, umewahi kumwona nyoka amekuja kulipiza? Akasema aliyewahi kuja kulipiza kwake ni shemeji yake.

Nimekuwekea ngozi ndani ya bahasha, iguse, imekauka na haina kitu. Iangalie pale kichwani, utaona hata kifuniko cha jicho kimetoka.

Sasa sikukatazi kuwa na hadhari. Wapo wenye sumu kali, na anayewapata watu zaidi ni kifutu. Mnene, mfupi, ana michoro ya rangi ya majani makavu. Wengine wakisikia hatua wanakimbia. Yeye anatulia, anaamini hamumwoni, mpaka mtu amkanyage. Kwa hiyo vaa viatu vya kufunika. Kanyaga kwa kishindo. Kwenye nyasi tanguliza fimbo. Mkono usiingie mahali ambapo jicho halijaingia kwanza. Ukimwona, usipige kelele, usimtupie kitu, simama, rudi nyuma polepole, umpe njia. Na mtu akiumwa, hakuna kukata wala kunyonya wala kufunga kamba. Atulie, abebwe, hospitali.

Na wewe Dada, hayo ya mkono ni yako. Nakujua unavyoshona: macho kwa mwenzio, mdomo unakwenda, mkono unarudi nyuma wenyewe kuvuta gunia jingine. Tafadhali acha.

Niambie kama ametoka. Likizo inaanza tarehe kumi na sita.

Mdogo wako

---

12 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hujanijibu. Wiki ya tatu hii. Wewe ambaye ukikatwa na sindano napata kurasa nne.

Dereva wa lori amepita leo, nikamuuliza, akasema hana barua, ila amesikia juzi kuna nyoka tena ghalani, safari hii mkubwa, watu walikimbia, na kuna mwanamke alikuwa karibu. Nikamuuliza mwanamke gani, akasema yeye hakushuka kwenye lori, amesikia tu mwanamke alipakiwa kwenye gari akaondoka. Nikamuuliza na mtoto je, akasema mtoto gani.

Sijala tangu asubuhi. Hapa kazini kuna dawa kwenye jokofu, nimeuliza kama inaweza kupelekwa huko, wakaniuliza nani ameumwa, nikasema hata hilo sijui. Niandikie mstari mmoja. Hata kama ni mbaya, niandikie.

Mdogo wako

---

16 Aprili, asubuhi, stendi

Mdogo wangu,

Wazima. Wote wazima. Nimeanza na hilo, sasa kula.

Nisamehe kimya. Miwani mipya imetoka jana, na hii habari sikutaka Chiriku aniandikie, maana yeye angeandika ukweli mtupu na mimi nilitaka kuutengeneza kidogo. Lakini barua yako imenikata maini, basi ukweli mtupu.

Alitoka. Alipomaliza kusoma habari ya yule swila aliyekula panya siku ya pili, alisema, "Kumbe hata msiba hakukaa." Akashuka mezani. Akaenda chooni kwa miguu yake, anakanyaga kishindo kama askari, na msusi na mimi tumesimama uani tunamsikiliza, dum, dum, dum, kwenda na kurudi. Msusi alijifuta macho na kitambaa cha mteja. Mitihani amefanya yote. Ile ngozi amekwenda nayo shule, mwalimu akaiweka ukutani.

Sasa ya ghalani. Unajua tangu Tembo amuue yule mwembamba, panya walijaa? Magunia tuliyoshona Jumatatu, Jumatano yana matundu. Na kumbe panya wakijaa hawakosi wageni. Ile Jumanne mchana nimekaa kwenye kigoda changu, namsimulia mwenzangu habari za jino la msimamizi, na hilo nalo ni hadithi, ngoja siku nyingine. Mkono wangu ukarudi nyuma kuvuta gunia. Ndiyo, wenyewe. Ndiyo, bila jicho. Ulinionya, ninajua.

Nikasikia sauti mlangoni, ya chini, ya kawaida kabisa. "Mama mkubwa, usisogeze mkono."

Ni Chiriku, ametoka shule. Nikataka kugeuka, akasema, "Usigeuke. Usiruke. Vuta mkono polepole, kama unavyovuta uzi usikatike."

Nikauvuta. Mdogo wangu, sijawahi kuvuta uzi taratibu hivyo. Ukawa mbele yangu, ukafika mapajani, nikauona wote, na vidole vitano. Halafu akaniambia nisimame bila kukokota kigoda, nije upande wake, hatua moja moja. Hapo ndipo nilipoangalia. Kifutu. Amejikunja juu ya gunia, mnene kama mkono wa Tembo, rangi na gunia ni moja. Mahali mkono wangu ulipokuwa na mahali kichwa chake kilipokuwa, ungeweka sahani ya chai katikati na isingelala vizuri. Akavuta pumzi akaitoa, pfuuu, kama tairi.

Mpaka hapo nilikuwa na heshima zangu. Baada ya pfuuu sikumbuki. Nilipopata akili nilikuwa nimesimama juu ya mizani ya ghala, na Tembo anasoma kilo zangu kwa sauti mbele za watu. Hizo sikuandikii.

Tembo akachukua sepetu. Chiriku akamzuia, kwa mbali, hakusogea. "Kaka Tembo, usimkaribie, atakurukia mguu ukimpiga. Watu watoke, tumwangalie tu asipotee, waitwe wanaojua." Mtoto wa miaka minane. Na mijitu yote ile ikatoka ikapanga mstari. Msimamizi, shavu limevimba, akapiga simu kwa watu wa wanyamapori, wakaja na ndoano yao ndefu na ndoo yenye mfuniko, dakika tano wamemaliza. Huyo mwanamke dereva aliyesema alipakiwa kwenye gari ni mimi, ila ni Tembo alinirudisha nyumbani na pikipiki ya mzigo. Dereva yule mwongo asiye na bidii, hata uongo haumalizi.

Jioni Chiriku akaniuliza kwa nini nilimdanganya. Hakuuliza kwa hasira. Nikamwambia nilikuwa naogopa, na mtu akiogopa anapenda kuogopa na wenzake. Akasema ameelewa. Lakini wewe nikuambie zaidi. Habari ya mwenzake kuja niliisikia kwa watu wazima, sawa. Ila kile kipande cha kumkumbuka kila aliyekuwepo, nilikitunga mwenyewe, siku ile ya miaka saba yako, ili usinifuate mtoni. Nilikuwa na mambo yangu mtoni. Ulilala na viatu mwaka mzima kwa ajili ya mvulana ambaye hata sura simkumbuki. Nisamehe, mdogo wangu. Nimekaa na hilo wiki nzima, ndilo lililonifunga mkono kuliko miwani.

Siku hizi ghalani tunapiga magunia kwa mti kwanza, tunayaburuta uwanjani, ndiyo tunakaa. Msimamizi anasema tunachelewesha kazi. Nikamwambia akae yeye kwenye kile kigoda.

Sasa kilichonikalisha hapa stendi. Sikumwambia Chiriku kwamba umeogopa hatakuja. Yeye ndiye aliyesoma kwenye ile barua, siku ile ile ya kwanza, na alikuwa amekaa nalo kimya. Jana usiku amefunga begi bila kuambiwa. Ameandika maswali thelathini na moja. Nikamuuliza, kwa hiyo unakwenda kuona nyoka? Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Nakwenda kumwona mama. Nyoka ni kazi yake."

Msusi ndiye anayemleta. Anasema anakwenda kununua nywele, lakini mimi na wewe tunajua. Ukimwonyesha masanduku mshike mkono, maneno anayo, moyo hana. Na mimi mwezi wa nane nitajitahidi kuja, usinilazimishe kuingia ndani, nitakaa getini niongee na mlinzi.

Barua hii anakuja nayo mwenyewe, kwa hiyo ukiishika ujue na yeye umem

ngoja, basi limewaka, amekaa dirishani ananyoosha mkono, ananiita, Mama mkubwa, leta sasa, leta